Windsor: nyumba ya dola 450,000, daraja jipya na zamu ya tatu

Swali: Tunaishi Windsor, Ontario, tangu 2019, mimi, mume wangu na watoto watatu. Kwetu ni Uvira, tukapitia Burundi, na sasa tuna ukaazi wa kudumu. Mume wangu yuko kiwanda cha vipuri vya magari, mimi natunza wazee na napata kama dola 3,100 mkononi kwa mwezi. Tunapanga vyumba viwili katika jengo la zamani kwa dola 1,450. Akiba yetu ni kama dola 38,000, na sehemu yake itatoka kwenye upatu. Dalali anatuonyesha nyumba ya 449,900 na anasema tufanye haraka, daraja jipya na kiwanda cha betri vitapandisha bei. Kanisani wanasema tusubiri, ushuru wa Marekani utaziporomosha nyumba. Tumsikilize nani?

Jibu: Dada, nunueni, ila msinunue hiyo ya 449,900, na msinunue kwa sababu ya daraja. Nyumba ya kama 375,000 au chini yake mnaiweza. Hiyo nyingine mtaiweza mpaka siku mume wako atakapoambiwa abaki nyumbani, na kwenye mji huo siku hiyo haikosi kuja.

Dalali na watu wa kanisani wote wanaongelea bei, na wote wanadhani bei ya nyumba Windsor inafuata kiwanda: kiwanda kikinenepa bei inapanda, kikikohoa bei inaanguka. Ukiangalia miaka kumi na mitano iliyopita, sivyo ilivyokwenda. Bei hapo imeamuliwa zaidi na pesa inayotoka nje ya Windsor pamoja na riba ya Benki Kuu ya Kanada. Kiwanda kinaamua jambo jingine kabisa: kama wewe uliyekwisha kununua utaweza kuendelea kulipa.

Mwaka 2009, biashara ya magari ilipokwama Marekani, watu wasio na kazi Windsor walifika karibu asilimia 15, na mwaka uliofuata General Motors ikafunga kiwanda chake cha gia mjini humo. Nyumba zikawa rahisi kiasi kwamba mji ukawa unajitangaza kwa wastaafu wa Toronto: uza kwako, njoo ununue hapa, na chenji ibaki. Wastani wa bei ulikuwa chini ya dola 200,000 kwa miaka mingi. Kisha hao wa Toronto, umbali wa kilomita 370 hivi, wakaja kweli, wengine kuishi na wengine kuwekeza. Machi 2020 Benki Kuu ikashusha riba hadi asilimia 0.25, watu wakaanza kufanyia kazi nyumbani, na bei ikapaa. Mwanzoni mwa 2022 wastani wa Windsor na Essex, wilaya inayoizunguka, ulivuka dola 700,000.

Sasa angalia kilichokuwa kikitokea kiwandani katika miaka hiyohiyo. Julai 2020 kiwanda cha magari cha Windsor kiliondoa zamu ya tatu, kazi kama 1,500 zikaenda nayo. Zamu imekatwa, bei inapanda! Machi 2022 Stellantis, wenye kiwanda hicho, na LG wakatangaza kiwanda cha betri cha NextStar, uwekezaji wa zaidi ya dola bilioni 5 na kazi 2,500. Mwezi huohuo Benki Kuu ilianza kupandisha riba, ikaipandisha mara kumi mpaka ikafika asilimia 5 Julai 2023. Kiwanda cha betri kinapanda juu, kila mtu anakiona, na bei ya nyumba inashuka hadi kwenye laki tano na kitu. Tangu hapo imekaa pembeni mwa kiwango hicho, mwezi huu juu kidogo, mwezi ujao chini kidogo. Dalali wako anakuuzia habari iliyokuwa mpya mwaka 2022.

Daraja jipya, lile la Gordie Howe la kwenda Detroit, nalo ni hivyohivyo. Ujenzi ulianza 2018. Mtu yeyote aliyetaka kununua nyumba au kiwanja kwa sababu yake alikuwa na muda wa kutosha kufanya hivyo. Daraja ni la malori hasa, kwa kuwa vipuri vya gari moja huvuka Mto Detroit mara kadhaa kabla gari halijakamilika. Litawafaa wenye maghala na wenye ardhi karibu na barabara kuu. Kwa nyumba ya familia huko mashariki ya mji, sioni litaongeza nini. Na kama kuna anayewaambia Wamarekani watavuka kuja kununua, mwambieni kwamba wasio raia wala wakaazi wa kudumu wamezuiwa kununua nyumba katika miji kama Windsor mpaka Januari 2027, isipokuwa wachache wenye ruhusa maalumu, na Ontario inawatoza wageni kodi ya asilimia 25 juu ya bei. Ninyi haiwahusu.

Watu wa kanisani wana hoja nzito zaidi, lakini nao wameishika upande mmoja. Ushuru wa asilimia 25 wa Marekani kwa magari ulipoanza Aprili 2025, kiwanda cha Windsor kilisimama wiki mbili, na katikati ya mwaka ukosefu wa kazi ulipita asilimia 10, wa juu kuliko miji mikubwa yote ya Kanada. Hata hivyo bei haikuporomoka. Mwenye nyumba asiyelazimika kuuza hauzi. Anaitoa sokoni, anabana matumizi, anasubiri. Ili bei iporomoke, lazima wengi walazimike kwa pamoja, na hilo halijatokea.

Kinachoongeza nyumba sokoni ni vitu viwili visivyopigiwa kelele. Cha kwanza ni mikopo ya 2020 na 2021. Mkopo wa nyumba Kanada haufungwi riba kwa miaka yote 25. Wengi huifunga kwa miaka mitano, kisha wanakubaliana upya na benki. Aliyefunga kwa chini ya asilimia 2 sasa anakutana na asilimia 4 na zaidi, na aliyenunua nyumba tatu za kupangisha anauza mbili ili abaki na moja. Cha pili ni wanafunzi. Januari 2024 serikali ya shirikisho iliweka kikomo cha vibali vya wanafunzi wa kigeni, na nyumba zilizokuwa zimejaa watu karibu na Chuo Kikuu cha Windsor na Chuo cha St. Clair zikaanza kupata vyumba vitupu. Wenye nyumba hizo nao wanauza. Kwa hiyo mnunuzi wa leo ana muda wa kuchagua, jambo ambalo wa 2021 hakuwa nalo. Wale walikuwa wanatoa ofa bila hata kukagua paa.

Haya, hesabu zenu. Nimechukua riba ya asilimia 4.5 na miaka 25, ila kwa siku mtakayoomba ulizeni riba ya siku hiyo.

Nyumba ya 450,000: kianzio cha chini kabisa ni asilimia 5, yaani 22,500. Kwa kuwa kianzio hakifiki asilimia 20, mnalipia bima ya mkopo, asilimia 4 ya mkopo, ambayo ni 17,100 na inaongezwa juu ya deni. Wengi hawaambiwi kwamba Ontario inatoza kodi ya asilimia 8 juu ya bima hiyo, na kodi hiyo haiongezwi kwenye mkopo: ni 1,368 taslimu siku ya kukamilisha ununuzi. Kodi ya kuhamisha umiliki ni 5,475. Mnunuzi wa mara ya kwanza anarudishiwa hadi 4,000, kwa hiyo mtabakiwa na 1,475. Wakili na gharama za hati tuseme 2,200, mkaguzi wa nyumba 550. Jumla ni kama 28,100. Kati ya 38,000 yenu mnabaki na kama 9,900, na bado hamjanunua hata ngazi ya kubadilishia balbu.

Kila mwezi mkopo ni kama 2,460. Weka kodi ya jengo 350, bima ya nyumba 140, gesi, umeme na maji 350. Hiyo ni 3,300. Mshahara wako peke yake ni 3,100. Mume akipumzishwa, mshahara wako wote unaingia kwenye nyumba na bado hautoshi, kabla mtoto hajala.

Nyumba ya 375,000: kianzio 18,750, kodi ya bima 1,140, kodi ya kuhamisha umiliki 4,100 ambayo baada ya kurudishiwa inabaki dola 100 tu. Pamoja na wakili na mkaguzi ni kama 22,700, akiba inabaki zaidi ya 15,000. Kila mwezi mkopo ni 2,050, na ukijumlisha yale mengine, kodi ya jengo ikiwa ndogo kidogo kwa nyumba ya bei hii, inakuwa kama 2,830. Mshahara wako unaishika. Mume akiwa nyumbani, bima ya ajira inamlipa asilimia 55 ya mshahara wake, isiyozidi dola 695 kwa wiki kwa kiwango cha 2025, na hiyo pamoja na posho ya watoto ndiyo inayolisha familia. Bima ya ajira ina mwisho, mara nyingi kabla mwaka haujaisha. Ile 15,000 ni ya kuwavusha hapo.

Benki nayo itawapima, lakini kipimo chake si hiki. Inaangalia kama mngeweza kulipa riba ikiwa juu kwa asilimia 2 zaidi, kwa hiyo kwa nyumba ya 450,000 itawapima kwa malipo ya kama 2,980. Mishahara miwili ikiwepo, pengine mtapita. Benki haiulizi kama kazi ya mume wako inategemea lori kuvuka daraja kila asubuhi. Swali hilo ni lenu. Mimi ningekuwa na jibu jingine kama wote wawili mngekuwa nje ya kiwanda, tuseme mmoja hospitalini na mwingine kati ya wale wauguzi wa Windsor wanaofanya kazi Detroit, maana mishahara yao haiegemei magari. Ninyi mmoja yuko ndani ya magari na mmoja yuko nje, na hiyo ni nafuu kubwa. Jengeni juu ya mshahara ulio nje. Ule wa kiwandani uwe wa kulipia deni haraka na kujenga akiba, hasa sasa ambapo Oktoba 2025 Stellantis ilitangaza kurudisha zamu ya tatu mwaka 2026. Zamu ikirudi ni habari njema kwa wauza vipuri pia, ila kumbuka ni zamu ileile iliyokatwa 2020.

Kuhusu pango lenu: 1,450 kwa vyumba viwili, kwenye jengo la zamani, ni mali. Ontario inaweka kikomo cha nyongeza ya kodi ya pango kila mwaka, asilimia 2.5 kwa 2025 na 2.1 kwa 2026, kwa nyumba zilizoanza kukaliwa kabla ya Novemba 15, 2018. Mkihama, kikomo hicho hamhami nacho. Mwenye nyumba anampangisha mwingine kwa bei ya soko. Ndiyo maana sina haraka na ninyi. Watoto watatu kwenye vyumba viwili wanabanana, najua, lakini kila mwezi mnaokaa hapo mnaokoa tofauti ya zaidi ya dola elfu moja. Mkijilazimisha kuweka tofauti hiyo benki kwa miezi sita, mtakuwa mmefanya mambo mawili: akiba imekua, na mmejua kama maisha ya kulipa 2,830 mnayaweza kweli. Familia nyingi zinagundua jibu la hilo baada ya kusaini.

Mkianza kutafuta, bei iliyoandikwa isiwadanganye. Windsor wana mchezo wao uliobaki tangu 2021: nyumba inatangazwa kwa 349,900, na chini yake imeandikwa kwamba ofa zitapokelewa Jumatano saa kumi na mbili jioni. Muuzaji hataki 349,900. Anataka watu kumi wagombanie. Jumatano ikifika na ofa ni moja, nyumba inatolewa sokoni na kesho yake inarudi kwa 419,900, ambayo ndiyo bei aliyokuwa nayo moyoni. Msiende kwenye mnada wa namna hiyo. Subirini irudi, ikae wiki tatu, halafu peleka ofa yenu yenye masharti mawili: mkopo ukubaliwe, na ukaguzi uridhishe. Muuzaji aliyekaa wiki tatu bila mteja anayasoma masharti kwa utulivu. Dalali akiwaambia masharti yatawakosesha nyumba, muulizeni hiyo nyumba imekaa sokoni siku ngapi. Anayo namba hiyo kwenye simu yake.

Kwa bei yenu mtaona nyumba ndogo za ghorofa moja zilizojengwa miaka ya 1940 na 1950, na nyumba pacha upande wa Forest Glade na Fontainebleau. LaSalle na Tecumseh, miji ya jirani, ni pazuri na ni ghali. Karibu na vyuo, tazameni vitasa vya milango. Kama kila chumba kina funguo yake na besimenti, yaani sehemu ya chini ya ardhi, imegawanywa kwa mbao vyumba vitatu visivyo na dirisha la kutokea mtu, hapo walikuwa wanafunzi, na kazi hiyo pengine ilifanywa bila kibali cha mji. Msihesabu kodi ya besimenti kama hiyo kwenye mipango yenu hata kama dalali anaitaja kwa tabasamu. Kuhalalisha ni gharama: ukuta wa kuzuia moto, njia ya kutokea, umeme kukaguliwa. Sheria ya Ontario tangu 2022 inaruhusu makazi matatu kwenye kiwanja kimoja cha kawaida, kwa hiyo njia halali ipo. (Makazi ya nne ndiyo yaliyoleta ugomvi: mji ulikataa kuruhusu makazi manne kila mahali, na mwanzoni mwa 2024 ukakosa fedha za shirikisho za kuharakisha ujenzi wa nyumba.)

Halafu maji. Septemba 2016 na tena Agosti 2017 mvua kubwa ilinyesha Windsor na Tecumseh, majitaka yakarudi nyuma kwenye maelfu ya besimenti. Mji ule ni tambarare kama meza, maji hayana pa kukimbilia. Mwombeni mkaguzi awaonyeshe kwa kidole vitu viwili: pampu ya shimo la maji, na vali inayozuia majitaka kurudi ndani. Visipokuwepo, ulizeni manispaa kuhusu ruzuku yake ya kuzuia mafuriko ya besimenti, na ulizeni kampuni ya bima kama itafidia majitaka yakirudi, na kwa kiasi gani, kabla ya kuondoa sharti la ukaguzi. Kwa nyumba ya miaka ya 1940, lipeni pia apitishwe fundi mwenye kamera ndani ya bomba la majitaka. Mabomba ya zamani ni ya udongo, na mizizi ya miti inayapenda. Kuchimba na kubadilisha bomba ni maelfu ya dola, na ile akiba yenu ya 15,000 haikuwekewa kazi hiyo. Boila ya maji moto nayo ulizeni ni ya nani. Ontario nyingi ni za kukodi, na mkataba mnaweza kuurithi pamoja na nyumba.

Mwisho pesa zenyewe. Kila mmoja wenu afungue akaunti ya akiba ya nyumba ya kwanza, ile inayoitwa FHSA, iliyoanza 2023. Mnaruhusiwa dola 8,000 kila mmoja kwa mwaka. Mkiweka 16,000 kwa pamoja, kodi ya mapato inapungua, kwa vipato kama vyenu karibu asilimia 20 ya mlichoweka, na mkitoa kununulia nyumba hamtozwi kitu. Zipitisheni humo hata kama mtanunua baada ya miezi michache. Mkifungua kabla ya Desemba kuisha, Januari inawapa nafasi nyingine ya 8,000 kila mtu.

Upatu unaruhusiwa, lakini mkopeshaji atataka taarifa ya benki ya siku 90 inayoonyesha kianzio kilikotoka. Dola 9,000 zikiingia ghafla kwa taslimu wiki mbili kabla ya ombi, atauliza, na maelezo ya "ni zamu yangu" hayamtoshi. Anaweza hata kuzikataa zisihesabiwe. Waambieni wenzenu wa upatu wawatumie kwa njia ya benki, jina la kila mmoja lionekane, na wewe uweke kumbukumbu ya michango yako ya miezi iliyopita ikitoka kwenye akaunti yako. Kisha pesa ikae bila kuguswa. Zamu yenu ikiwa Februari, ombi la mkopo liwe mwishoni mwa Mei au Juni.